MSHAHARA WA MHANDISI NA KAZI ZA PEMBENI

Siku ya wazazi ya muhula huu mzee mmoja alinifuata chini ya mwembe, akanisalimu, kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa neno moja. Mwanawe yumo Kidato cha Tatu. Asoma Fizikia na Hisabati vizuri, na nyumbani wamekwisha kukata shauri ya kuwa awe mhandisi. Mzee akasema, "Mwalimu, nimeuza ng'ombe wawili kwa ajili ya sare, madaftari na nauli za huyu kijana. Sasa niambie kweli. Akiisha kuwa injinia, nyumba yangu ya bati ataijenga mwaka gani?"

Tulicheka sote wawili, lakini swali lenyewe halikuwa la mchezo. Kijana alikuwa amesimama kando yetu, akitazama chini. Jioni alikuja chumba cha walimu na swali lake mwenyewe. "Shikamoo, Mwalimu. Nasikia wahandisi wengi hufanya kazi nyingine jioni na siku za Jumamosi. Kama mshahara wao ni mkubwa kama watu wasemavyo, mbona wahangaika hivyo?"

Maswali haya mawili kwa kweli ni swali moja. Nimeahidi kulijibu katika gazeti letu, ili wazazi na wanafunzi wengine nao wapate kufaidika. Jibu langu kwa ufupi ni hili: mhandisi aweza kufanya kazi ya pembeni kwa halali na kwa heshima, na pengine kazi hiyo itamkuza, lakini kuna kitu kimoja ambacho hana ruhusa ya kukiuza hata siku ya shida. Kitu hicho nitakitaja mbele.

MSHAHARA WA KWENYE BARUA NA MSHAHARA WA MKONONI

Kwanza yatupasa kujua ya kuwa hakuna mshahara mmoja uitwao mshahara wa mhandisi. Mmoja yuko katika halmashauri ya wilaya, mwingine mgodini, mwingine kiwandani, mwingine katika kampuni ya kujenga barabara. Nao hawalipwi sawa hata kama walikaa dawati moja chuoni. Tena huku Tanzania kijana atokaye chuoni na shahada yake bado hajawa mhandisi kamili. Chini ya Sheria Na. 15 ya mwaka 1997, Bodi ya Usajili wa Wahandisi humwandikisha kwanza kuwa mhandisi mhitimu. Baada ya hapo hufanya kazi chini ya uangalizi wa wakubwa wake kwa muda usiopungua miaka mitatu, ndipo aombe kuandikishwa kuwa mhandisi mtaalamu. Juu ya huyo yuko mhandisi mshauri, mwenye ujuzi wa miaka mingi zaidi. Basi mzazi asitazamie mavuno yote katika mwaka wa kwanza. Miaka ile ya mwanzo ni ya kupalilia.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mhandisi wa serikali huku Tanzania Bara ameandikiwa mshahara wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Huu ni mfano tu, nimeuchagua ili hesabu iwe nyepesi. Sisemi ya kuwa kila mhandisi hupata hivyo. Tuseme tena ya kuwa alisoma kwa mkopo wa serikali, kama wasomavyo vijana wengi. Kwa viwango vya mwaka 2025, mshahara wake utakwenda hivi:

Mshahara kamili: sh. 1,500,000
Mfuko wa pensheni, asilimia 5: sh. 75,000
Kodi ya mapato: sh. 255,500
Bima ya afya, asilimia 3: sh. 45,000
Mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15: sh. 225,000
Jumla ya makato: sh. 600,500
Fedha atakazoshika mkononi: sh. 899,500

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wataniuliza kodi ile imepatikanaje. Kwanza mchango wa pensheni huondolewa, zikabaki shilingi 1,425,000. Shilingi 1,000,000 za kwanza hutozwa kodi ya shilingi 128,000. Zile 425,000 zinazozidi hutozwa asilimia 30, yaani shilingi 127,500. Ukijumlisha utapata 255,500. Fanyeni wenyewe kwa mshahara wa shilingi 1,200,000, mlete jibu darasani.

Twaona basi ya kuwa katika kila shilingi 100 zilizoandikwa kwenye barua, mtu huyu hushika karibu shilingi 60. Nisieleweke vibaya. Fedha zilizokatwa hazikutupwa. Pensheni ni akiba yake mwenyewe, na mwajiri humwongezea asilimia 15 juu yake. Bima humtibu yeye na watoto wake. Mkopo una mwisho, naye atakapomaliza kuulipa atajiona kama aliyepandishwa cheo. Lakini kodi ya nyumba hailipwi kwa pensheni ya miaka 30 ijayo. Katika zile shilingi 899,500 kuna pango, chakula, nauli, mdogo wake aliye shuleni, bibi aliyelazwa hospitali, na michango ya arusi na misiba. Ndugu zake nao wameusikia ule mshahara wa kwenye barua. Ule wa mkononi hawaujui.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwanza la yule kijana. Wahandisi wengi wafanyao kazi za pembeni hawafanyi hivyo kwa uroho. Hufanya hivyo kwa sababu hesabu ya mwezi haikukutana.

KAZI YA PEMBENI HULIPA KIASI GANI?

Watu husema, "Fulani amechora ramani ya nyumba, akapewa laki nne kwa siku mbili tatu!" Tutazame neno hili kwa makini, maana wengi hudanganyika hapa. Nachukua tena mfano wa kubuni. Mhandisi wetu amepatana na mtu kumfanyia mahesabu na michoro ya nyumba kwa shilingi 400,000. Amekwenda kiwanjani mara nne, kila safari shilingi 10,000, jumla 40,000. Amelipa 60,000 kuchapisha michoro. Amempa kijana wa kumsaidia kuchora 100,000. Zimebaki 200,000. Naye mwenyewe, kwa usiku na Jumamosi, ametumia saa 40. Basi amepata shilingi 5,000 kwa saa, na kodi ya fedha hizo bado hajailipa.

Sasa mshahara wake. Afanya kazi siku 22 kwa mwezi, saa 8 kila siku, jumla saa 176. Gawanya 899,500 kwa 176, utapata kama shilingi 5,110 kwa saa. Yaani ile kazi ya pembeni iliyoonekana kama bahati kubwa imemlipa kidogo kuliko mshahara wake wa kila siku, tena imekula usingizi wake. Haya hawezi kuyajua asiyeweka daftari. Mwenye daftari ataona kazi ipi yafaa kuendelea nayo na ipi aiache. Asiyeweka ataona noti mkononi afurahi, na mwisho wa mwaka ashangae fedha zimekwenda wapi.

Hata hivyo fedha si faida ya pekee ya kazi ya pembeni. Iko kazi inayolipa kidogo leo lakini inamfundisha mtu jambo litakalomlipa kesho. Kwa hiyo nazigawa kazi za pembeni za mhandisi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kazi anayouza mikono yake na saa zake: kufuga kuku, kulima, kutengeneza redio na pampu za majirani, kufunga taa za umeme wa jua. Fungu la pili ni kazi anayouza maarifa yake: kufundisha jioni, kuchora, kukadiria gharama, kumshauri mtu mwenye kiwanda kidogo. Fungu la tatu ni kazi anayouza neno lake: kusema kwa sahihi na mhuri ya kuwa kitu hiki ni imara, kitu kile kinafaa.

Ili tuyaone mafungu haya matatu katika maisha ya mtu mmoja, natupa macho mbali kidogo, katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, kiasi cha miaka 200 iliyopita. Mtu huyo ni George Stephenson. Wanafunzi wa Historia wanalijua jina lake kwa sababu ya magari ya moshi. Jinsi alivyokuwa akitafuta shilingi za nyongeza, wengi hawajasikia.

FUNDI WA SAA NA VIATU

Stephenson alizaliwa mwaka 1781 katika kijiji cha Wylam, karibu na mji wa Newcastle. Baba yake alikuwa mtu wa kuchochea moto katika injini ya kuvuta maji mgodini, na watoto wake hawakupelekwa shule. George alifika umri wa miaka 18 hajui kusoma wala kuandika jina lake. Hapo akaanza kulipa ada kutoka katika ujira wake mdogo, akasoma masomo ya usiku. Husimuliwa ya kuwa ujira wake ulipofika shilingi 12 kwa wiki, alijiona ametajirika maisha.

Lakini alioa mwaka 1802, akapata mwana mwaka 1803, na shilingi za mgodi hazikutosha tena. Basi baada ya kazi akashona na kutengeneza viatu vya wachimba makaa wenzake. Halafu akaongeza kazi ya saa. Husimuliwa ya kuwa siku moja bomba la moshi la nyumba yake lilishika moto. Majirani wakamwaga maji, na masizi na mvuke vikaiharibu saa ya ukutani. Kuipeleka kwa fundi kulitaka fedha. Akaifungua mwenyewe, akaisafisha, ikatembea. Toka hapo majirani wakamletea saa zao.

Hili ni fungu la kwanza, yaani mikono na saa za jioni. Hakuiba muda wa mwajiri, wala hakumdanganya mteja. Tena tazameni alivyozitumia fedha zile. Mkewe alifariki mwaka 1806, mwana angali mdogo. Baba yake alipofushwa na mvuke katika ajali ya kazini, akawa mzigo juu ya George. Yeye aliyekosa shule aliapa ya kuwa mwanawe Robert hatakosa. Akaweka akiba ya saa na viatu, na baadaye akampeleka kijana shule nzuri mjini Newcastle, akamnunulia na punda wa kumchukua kila siku. Robert huyo alikuja kuwa mhandisi mkubwa wa madaraja na reli. Wazazi mliouza ng'ombe, mwaona kuwa hamko peke yenu.

SIKU MBILI KWA WIKI

Fungu la pili lilimjia kwa njia hii. Stephenson hakuridhika kuiendesha injini tu; alitaka kujua ndani mwake mna nini. Siku za Jumamosi, mgodi uliposimama, wenzake walikwenda kujiburudisha, naye alifungua mtambo vipande vipande, akausafisha na kuurudisha. Mwaka 1811, katika shimo moja la mgodi wa Killingworth, injini mpya ya kuvuta maji ilishindwa kazi. Mafundi walijaribu karibu mwaka mzima bila kufaulu. Stephenson akaomba apewe nafasi. Akaibadili hapa na pale, na katika siku chache shimo likakauka. Alipewa zawadi ya paundi 10, na mwaka 1812 akafanywa mkuu wa mitambo ya migodi ile kwa mshahara wa paundi 100 kwa mwaka. Pigeni hesabu: shilingi 12 kwa wiki zilikuwa kama paundi 31 tu kwa mwaka, maana paundi moja ya zamani ilikuwa shilingi 20.

Mnaona jambo hilo? Zile Jumamosi za kufungua injini hazikumletea hata senti wakati ule. Lakini ndizo zilizomletea malipo makubwa kuliko viatu vyote alivyoshona.

Baadaye tajiri mmoja wa kiwanda cha chuma, William Losh, alimwomba afanye kazi kwake siku mbili kwa wiki kwa paundi 100 kwa mwaka. Stephenson hakwenda kwa siri. Aliwaomba ruhusa mabwana zake wa migodi, nao wakamkubalia, akaendelea kupata na ule mshahara wake wa zamani. Hivyo kazi ya pembeni ilimpa mapato mara mbili, mwajiri wake akijua. Mwaka 1816 yeye na Losh walipata hati ya kulinda uvumbuzi wao wa reli za chuma cha kumimina, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kila reli za aina hiyo zilipouzwa, Stephenson alikuwa na faida yake.

PAUNDI 500

Sasa twafika penye fungu la tatu, na penye lile neno nililoahidi.

Mwaka 1821 watu wa mji wa Darlington walikata shauri kujenga reli ya kwenda Stockton. Stephenson akaajiriwa kuwa mhandisi wake. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwaambia wenye reli wanunue reli za aina gani. Palikuwa na aina mbili. Ya kwanza ni zile za kumimina, ambazo yeye mwenyewe alikuwa na hati yake pamoja na Losh. Zilikuwa rahisi kwa bei, lakini zilikuwa fupi, zenye viungo vingi, na zilivunjika kwa ghafula chini ya uzito. Ya pili ni za chuma cha kufuliwa, zilizotengenezwa na John Birkinshaw katika kiwanda cha Bedlington, aliyepata hati yake mwaka 1820. Hizo zilikuwa ghali zaidi, lakini zilikuwa na urefu wa kama futi 15, na zilistahimili mapigo bila kupasuka.

Hakuna mtu wa Darlington aliyeweza kumbishia Stephenson. Wao walikuwa wafanya biashara. Yeye ndiye aliyejua. Kama angesema, "Nunueni zangu," wangezinunua. Badala yake aliwaambia wazi ya kuwa wakichukua reli zake yeye angepata kama paundi 500, mishahara mitano ya mwaka ya Killingworth, lakini kwa yale aliyoyaona hawezi kuwashauri hivyo. Akawaonyesha reli za Birkinshaw. Wenye reli walizitumia kwa sehemu kubwa ya njia yao, iliyofunguliwa tarehe 27 Septemba, 1825.

Jambo hili halikumpita bure. Losh alikasirika sana, na urafiki wao ukavunjika. Stephenson alipoteza fedha, akapoteza na rafiki. Wala sisemi ya kuwa alikuwa malaika. Alikuwa mtu mkaidi, mwenye kushindana na watu wengi maishani mwake. Lakini siku ile alijua tofauti ya vitu viwili. Mikono yake na maarifa yake aliviuza kwa Losh siku mbili kila wiki, na hapakuwa na kosa. Neno lake kwa watu wa Darlington halikuwa mali ya Losh, wala halikuwa mali yake mwenyewe. Lilikuwa mali ya watu watakaopanda gari lile.

MHURI

Mtauliza, mambo ya reli za zamani yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa sababu mhandisi wa leo ana mhuri. Mchoro ukiwa na mhuri wake, watu hujenga, hupangisha, hulala ndani. Hawajui hesabu za nondo na zege, wala hawatazijua. Wameamini neno tu.

Nako kuna watu wamjiao mhandisi kijana wakati wa jioni na maneno matamu. Mmoja asema, "Ndugu yangu, wewe huna haja hata ya kufika kiwanjani. Michoro iko tayari. Tia sahihi tu, chukua bahasha yako." Mwingine asema, "Kampuni yetu yataka jina la mhandisi katika orodha. Tupe cheti chako, tutakulipa kila mwezi, wala hutakuja kazini." Mwingine ni mkandarasi anayekaguliwa na mhandisi yule yule mchana, naye ataka kumpa "kazi ndogo ya ushauri" usiku. Katika hayo yote hakuna jasho wala maarifa yanayonunuliwa. Kinachonunuliwa ni neno. Hicho ndicho kitu nilichosema hana ruhusa ya kukiuza.

Ukitaka kujua uzito wa neno hilo, kumbuka Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi, 2013. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka asubuhi, na watu 36 wakafa. Na tarehe 16 Novemba, 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, penye maduka yaliyojaa watu. Sitaji sababu ya kila ajali, wala simhukumu mtu. Nataka msomaji akumbuke tu ya kuwa jengo likianguka halimwulizi mtu kama mhandisi alilipwa vizuri au vibaya. Mshahara mdogo ni dhiki ya kweli, lakini hauwi hoja mbele ya kifusi.

MAMBO YA KUSHIKA

Basi kwa kijana atakaye kuwa mhandisi, na kwa wazazi wake, naweka mambo matano.

La kwanza, jua mshahara wako wa mkononi, nao uwaambie jamaa zako mapema. Ndugu wakijua ukweli hawatakulaumu kwa fedha usizo nazo, wala hawatakusukuma penye bahasha.

La pili, mwombe mwajiri ruhusa kwa maandishi kabla ya kuanza kazi ya pembeni, kama mkataba wako wataka hivyo. Usitumie saa zake, gari lake wala mitambo yake. Kazi ambayo huwezi kumweleza mkuu wako, yafaa ujiulize kwa nini huwezi.

La tatu, weka daftari. Andika mapato, gharama na saa. Lipa kodi yake. Kama saa yako inalipwa pungufu kuliko mshahara, nayo haikufundishi kitu, iache ukalale. Mshika mawili moja humponyoka, na mara nyingi linaloponyoka ni lile la mchana, ndilo lenye pensheni na cheo.

La nne, katika miaka ya kwanza pendelea kazi ya pembeni inayokuongezea ujuzi. Kijana anayetengeneza pampu za kijiji siku za Jumamosi atajua mambo ya pampu kuliko aliyeyasoma kitabuni tu. Na fedha ya kwanza ya nyongeza iende katika masomo na vyombo vya kazi, kabla ya viatu vipya.

La tano, usimkague mtu anayekulipa, wala usilipwe na mtu unayemkagua. Na kama una faida yako katika jambo unaloulizwa, iseme kwanza, kama Stephenson alivyosema habari ya zile paundi 500, kisha toa shauri lako.

Mambo haya hayangoji chuo kikuu. Mwanafunzi anayewauzia wenzake kalamu na sabuni bwenini, na akaandika mapato na matumizi, amekwisha kuanza la tatu. Anayemfungulia mpishi wa shule taa iliyoharibika ili aone ndani mna nini, ameanza la nne. Na kiranja anayekataa maandazi ya mwenzake aliyechelewa foleni, ameanza la tano, tena hilo ndilo gumu kuliko yote.

Nimalizie kwa yule mzee. Kabla hajaondoka siku ile nilimpa jibu fupi, nikamwambia ya kuwa jibu refu atalisoma hapa. Nilimwambia, "Mzee wangu, nyumba yako itajengwa, lakini usihesabu mwaka wa kwanza wala wa pili. Mshahara utaleta msingi. Kazi ya pembeni, akiichagua vizuri, italeta kuta. Lakini akikuletea bati upesi kuliko mahesabu yake yanavyoruhusu, kabla hujaingia ndani muulize limetoka wapi."

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akamgeukia mwanawe, akamwambia, "Umesikia, baba? Mimi naweza kungoja." Kijana akaitikia kwa kichwa. Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kuniletea jibu la ile hesabu ya shilingi 1,200,000. Alikuwa amekosea mahali pamoja tu: alisahau kuondoa pensheni kabla ya kukokotoa kodi. Nikamrudishia daftari arekebishe, naye akakaa palepale chini ya mwembe, akaanza upya.